Bushi za Ngozi kwenye Mlima wa Dareda

Mwaka 1977 nilikuwa na miaka kumi na miwili, nipo darasa la nne, baba akafariki na shule yangu ikaishia hapo. Nakutajia mapema, mwanangu, ili usitafute maneno ya kisomi humu. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, na mikono hii haijui kutulia. Tangu nianze kuandika nimeshainuka mara mbili kwenda mlangoni kutazama mawingu juu ya mlima Hanang, na wala hakuna gari langu lililo barabarani leo. Ni mazoea. Mazoea hayo yana siku yake, na siku hiyo haijanitoka: Jumamosi ya harusi ya mdogo wangu Yuliana, mwaka 1989, mimi nikiwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha mtu wa miaka sitini.

Nimeamua kuiandika kwa sababu juzi, nikipita gereji moja hapa mjini, nilisikia fundi akimwambia mwenye gari, "Tayari, mzee," huku anatazama pembeni. Niliijua sauti ile. Ilikuwa yangu.

Baba alituacha Gehandu, mama, mimi, na Yuliana aliyekuwa na miaka minane. Nililima vibarua, nikachunga ng'ombe wa watu, nikabeba magunia ya ngano, kisha nikaja Katesh nikakaa mlangoni pa gereji ya watu mpaka wakachoka kunifukuza. Baada ya miaka saba nikawa fundi. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama. Na aliyejifunza kwa kutazama, mwanangu, hupata ugonjwa mmoja: hawezi kuuliza. Aliyesoma akiuliza, watu husema anataka kuelewa. Mimi nikiuliza, nilikuwa naona watasema huyu hajui. Ugonjwa huo ulikuwa umeniingia mpaka kwenye mifupa.

Katesh wakati ule alikuwepo Mzee Athumani, mtu wa Tabora, dereva mstaafu wa shamba kubwa la ngano la serikali. Alikuwa mfupi, mkavu, asiyepunguza neno kwa ajili ya mtu, na alikuwa na gari ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo kati ya Singida na Babati. Mtaalamu mmoja mgeni aliyefanya kazi kule shambani alilijenga mwenyewe kwa vipande alivyoletewa ndani ya masanduku. Mkataba wake ulipoisha akamwachia Mzee Athumani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilisukuma kila lilipogoma.

Lilikuwa gari jipya lililotengenezwa lifanane na magari ya enzi za babu zetu. Pua ndefu nyeusi. Taa mbili za mviringo, kubwa kama sufuria za wali. Madigadi yaliyoinuka juu ya magurudumu na kushuka taratibu mpaka kwenye milango. Kioo cha mbele kidogo, kimesimama wima kama dirisha la nyumba. Bodi yake ilikuwa ya faiba, ukiigonga inalia kama debe tupu. Ukifungua ile pua ndefu hukuti injini, unakuta gurudumu la akiba na kikapu cha vitunguu cha Mzee Athumani. Injini ilikuwa nyuma, ya lile gari dogo la Kijerumani la mgongo wa kobe. Siku za mnada watu wa Hirbadaw walikuwa wanainama kuchungulia chini ya pua, wakiona hakuna kitu wanaambiana kwamba gari la Mnyamwezi huyu linakwenda kwa dawa.

Sasa Yuliana akapata mchumba, mwalimu wa Mbulu, kijana mpole, na ndoa ikapangwa kufungwa kanisani kwao Mbulu. Mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba. Nikaapa mbele ya mama kwamba dada yangu hataingia Mbulu juu ya lori, amekaa kati ya mbuzi na masufuria. Nikaenda kwa Mzee Athumani, nikamwamkia shikamoo, nikaomba gari.

Hakukataa. Alisema ataliendesha mwenyewe, maana usukani ule hagusi mtu mwingine. Ila tulikuwa kwenye masika, na waipa zilikuwa zimekufa. Mpira ulikuwa umepasuka kwa jua la Katesh, na mikono yake inayumba inafuta hewa badala ya kioo.

"Niwekee waipa nzima," alisema, "nami nitampeleka dada yako. Bila waipa sipandi mlima wa Dareda."

Nikueleze, kama hukuwahi kufungua kitu hicho. Mkono wa waipa umekaa juu ya kijiti cha chuma kinachochomoza kwenye bodi, chini ya kioo. Kijiti hicho huzunguka ndani ya kikombe kidogo kinachokibana kisiyumbe. Kikombe hicho ndicho bushi. Bushi ikilika, kijiti kinacheza, mkono unalegea, na hata ukiweka mpira mpya haufuti kitu. Kwa hiyo tulihitaji mipira miwili na bushi mbili. Mzee akanipa nauli ya Arusha, nikazifunga bushi kuukuu ndani ya karatasi, nikaondoka.

Arusha nilikaa siku mbili. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya uhaba, spea zimetundikwa mpaka milangoni, kila mtu anauza kila kitu. Nilizunguka kama kuku aliyepoteza mayai. Kila duka waliniuliza bushi ni za gari gani, nami kwa majivuno nikawajibu: gari la kale, la miaka ya thelathini. Injini nilijua ni ya kobe, niliwahi kuimwaga oili. Lakini huko mbele, kwenye kioo kilichosimama wima vile, nilijiaminisha kwamba kila kitu ni cha kale. Muuzaji mmoja aliniambia nikaulize makumbusho. Mwingine aliita wenzake waje wanione. Mipira niliipata, ya Land Rover, nikajua nitaikata. Bushi sikupata.

Ndani ya basi la kurudi sikuweza kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa tumbo. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kitu kidogo kuliko vyote: kumwendea mzee na kusema nimekosa. Neno moja tu hilo, mwanangu. Nilipima njia zote za kulikwepa, na nilipofika Babati nilikuwa nimeshapata moja.

Kwetu sisi, mama zetu wanajua ngozi. Mama alikuwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe alichokuwa anakilainisha kwa mafuta ya mkia wa kondoo, kama alivyofundishwa na mama yake walipokuwa bado wanavaa sketi za ngozi. Ngozi iliyoshiba mafuta hayo haipasuki, haipigi kelele, na maji hayaipiti. Nikaomba kipande, nikasema ni cha kazi. Nikakata vipande viwili, nikavikunja viwe vikombe, nikavilowesha tena kwenye mafuta ya moto mpaka vikakataa kunywa zaidi, nikavisukuma mahali pa bushi. Vikashika. Nakuambia vikashika kuliko chuma. Mkono wa waipa haukuyumba hata kidogo.

Ijumaa alfajiri, baridi ya mlima ikiuma vidole, nilimwita Mzee Athumani aje aone. Nikamwagia kioo ndoo ya maji, waipa zikapita, shwaa, shwaa, kioo kikabaki safi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bushi ulipata?"

"Tayari, mzee."

Hakuuliza zaidi. Aliniamini. Nami nikatazama pembeni.

Jumamosi jua lilitoka kali, lile jua linalokuja kati ya mvua na mvua, linalochoma kama linalipiza kisasi. Gari lilikaa nje ya nyumba tuliyopanga tangu asubuhi mpaka karibu saa sita, pua yake nyeusi juani, wanawake wakimpamba Yuliana ndani. Wanawake hawaharakishwi siku kama hiyo. Nilikuwa naingia na kutoka, naingia na kutoka, mpaka mama akaniambia nitafute mahali nikajifunge kamba. Hatimaye bibi harusi akatoka na gauni lake na shela, vigelegele vikapanda. Mama akakaa mbele karibu na Mzee Athumani. Yuliana na msimamizi wake wakakaa nyuma. Mimi na shangazi zangu na masufuria na mbuzi tukapanda lori.

Gari likatangulia. Lori likafuata, na kabla ya Endasak gari lilikuwa limeshapotea mbele yetu, tunaliona kwa vumbi lake tu.

Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kuazima. Shangazi Martha, dada mkubwa wa baba, mwanamke asiyejua kunong'ona, akaninyooshea kidole kifuani mbele ya lori zima.

"Mtazameni kaka wa bibi harusi," alisema. "Ameanza kunyonyesha."

Lori lilicheka mpaka dereva akageuka. Nami nikacheka, nikatazama chini. Mfuko wa shati ulikuwa na doa kubwa la mafuta linalokua. Nikatia kidole. Ndani palikuwa na kipande cha ngozi kilichobaki nilipokata bushi; nilikitia humo asubuhi kwa mazoea, nikakisahau. Asubuhi ya jana kilikuwa kigumu kama sabuni. Sasa, kwa jua, kilikuwa kinatiririka.

Kicheko changu kilikatika hapo. Kama kipande hiki kilichokaa mfukoni kimeyeyuka, vile viwili vilivyokaa juu ya bodi nyeusi tangu asubuhi vimefanya nini? Mafuta yameshuka kwenye kijiti, yameshuka chini ya kioo, yanasubiri. Bila mvua hakuna atakayejua. Mvua ikianza, mzee atawasha waipa, na waipa zitayachukua mafuta ya kondoo na kuyapaka kioo kizima. Na maji ya mvua ya mlimani ni ya baridi. Mafuta yataganda. Mzee atakuwa anaendesha na ukuta mbele ya macho yake, kwenye mlima ambao upande mmoja ni mwamba na upande mwingine hakuna kitu.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Kukata ngozi lilikuwa kosa la mjinga, na mjinga husamehewa. Kosa langu ni kwamba nililijua jambo hili tangu Endasak, na nilinyamaza mpaka Dareda.

Nilijiambia mvua haitanyesha. Nilijiambia Mzee Athumani ameendesha magari miaka thelathini. Nilijiambia nikigonga kichwa cha lori sasa, shangazi zangu wote watajua kwamba Boay, fundi, aliyejigamba kwao kuhusu gari hilo, aliweka ngozi. Nilisimama nikishika bomba la lori. Nikakaa juu ya gunia. Nikasimama tena. Nilitazama mbele mpaka macho yakauma kwa vumbi. Shangazi Martha aliacha kucheka akaniuliza kama nimeona nyoka.

Tulipofika Dareda mlima haukuwepo. Pale unapotakiwa kuuona palikuwa na wingu jeusi lililokaa chini kama blanketi, na matone ya kwanza yakaanza kugonga masufuria.

Nikagonga kichwa cha lori kwa ngumi zote mbili. Dereva akasimama. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kwamba waipa za gari la mbele nimezitengeneza kwa ngozi na mafuta ya kondoo, na mvua ikinyesha mzee hataona njia.

Hakuna aliyecheka.

"Mama yako yumo ndani ya gari hilo," alisema Shangazi Martha.

"Ndiyo, shangazi."

"Umelijua lini jambo hili?"

"Endasak."

Alininyooshea kidole tena, safari hii akakigeuzia barabarani. Kisha akasema neno moja: "Shuka." Nikaelewa. Lori lile lililojaa lingepanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu mwenye miguu, na barabara ya mlima inazunguka wakati njia za miguu zinakata moja kwa moja.

Nilivua viatu nikakimbia. Matope yalikuwa yameshaanza kuteleza. Nilikata kona ya kwanza kwa njia ya mbuzi, nikatokea barabarani, nikaona alama za magurudumu membamba zimetangulia, nikaingia tena porini. Mvua ilikuwa inamwagika sasa. Juu yangu, ndani ya wingu, nikasikia honi. Mzee Athumani alikuwa anapiga honi kila hatua chache, na nikajua maana yake: haoni, anawaambia wanaoshuka wamwone wao. Nilikuwa nafuata ile honi. Kila iliponyamaza, nilikufa kidogo. Ikilia, napata pumzi.

Kisha ikanyamaza, haikulia tena.

Sikumbuki kona ile niliipandaje. Nakumbuka magoti yangu na kucha zangu. Nakumbuka nilikuwa nasema jina la dada yangu kwa sauti, kama mwendawazimu, na kwamba nilipotokea juu barabarani sikuweza kufungua macho mara moja.

Gari lilikuwa pale, limekaa mshazari. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limetoka nje ya ukingo, linaning'inia, na chini yake lilishikwa na jiwe moja na kichaka. Kioo kilikuwa cheupe kabisa, kama kimepakwa uji. Mzee Athumani alikuwa amesimama mvuani bila kofia. Mama alikuwa ameshuka, na msimamizi, na Yuliana alikuwa anatolewa kwa mlango wa nyuma, gauni limeshikwa juu, viatu vyeupe ndani ya matope.

Baadaye walinisimulia. Mvua ilipoanza, mzee aliwasha waipa, kioo kikafa pale pale. Akatoa kichwa dirishani akawa anaendesha hivyo, mvua inampiga machoni. Mama ndiye aliyemwokoa kila mtu. Harufu ilimfikia. Alisema, "Baba, haya ni mafuta ya kondoo. Simama. Hayatoki kwa maji haya." Naye mzee alikanyaga breki wakati huo huo, na gurudumu likawa limeshatoka. Mama aliponiona nimefika aligeuka akatazama kioo. Alikuwa anajua ngozi ile ilitoka kwenye nyumba yake.

Mzee Athumani alinijia karibu.

"Boay. Arusha ulipata bushi?"

"Sikupata, mzee."

"Ungesema umekosa, ningekuambia neno moja. Kobe. Waipa ni za kobe kama injini ilivyo ya kobe. Gari hili limevaa nguo za babu, ndani ni kijana. Kila duka la Arusha lina bushi hizo."

Nikainama. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ngozi sina ugomvi nayo," alisema. "Nimeendesha magari yaliyofungwa kwa kamba na kwa dua. Ila nilikuwa najua ni kamba. Nikijua ni kamba, naendesha kama mtu mwenye kamba. Naondoka mapema, nakwenda polepole, wingu nikiliona nasimama. Wewe umenipa kamba ukaniambia ni chuma. Na nyuma yangu umeniwekea dada yako."

Yuliana alikuwa amesimama kando, shela imemganda usoni kwa mvua. Wala hakulia.

"Kaka," alisema, "mimi ningepanda lori. Unajua kabisa ningepanda lori."

Mwanangu, nimepigwa na watu, nimeibiwa, nimelala njaa. Hakuna lililonichoma kama neno hilo. Maana ni kweli. Gari halikuwa la Yuliana. Gari lilikuwa langu, la kiburi changu, na yeye alikuwa ndani yake tu.

Lori lilifika likihema. Wanaume wakashuka, tukaliinua lile gari kwa mikono tukalirudisha barabarani. Faiba ni nyepesi, namshukuru Mungu kwa faiba. Mama alikuwa ameshakwenda kwenye boma moja lililo karibu na barabara, akarudi na majivu kwenye kipande cha debe. Akayachanganya na maji ya mvua akasugua kioo kama anavyosugua chungu, nje mpaka kwenye pembe, bila kunitazama. Mafuta yakakubali kutoka. Mzee Athumani akachomoa mikono yote miwili ya waipa akaiweka chini ya kiti. Kisha akachukua kitambaa, akakichovya kwenye majivu, akanipa.

"Panda hapo," akasema, akinionyesha digadi ya mbele.

Nikapanda. Nilikaa juu ya digadi ile kutoka mlimani Dareda mpaka Mbulu mjini, mkono mmoja umeshika taa, mkono mwingine unafuta kioo. Mvua haikukata. Mzee aliendesha kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji. Dongobesh watu walitoka madukani kutazama; wakaona gari la ajabu jeusi, bibi harusi ndani, na mwanaume mwenye shati la mafuta amekaa nje anafuta, wakadhani ndiyo desturi ya watu wa Katesh. Wakapiga vigelegele. Nilifuta. Kila nikigeuka nilikuwa namwona mama kupitia mahali nilipofuta, ananitazama, halafu mvua inamfunika, nafuta tena.

Tulichelewa, padri alitusubiri, ndoa ikafungwa. Kwenye chakula mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza kwa heshima kama kwetu kaka ndiye humfungulia dada njia kwa kitambaa. Mzee Athumani alimjibu, bila kucheka, kwamba kazi hiyo hupewa wale tu walioshindwa kuongea.

Wiki iliyofuata nilirudi Arusha kwa nauli yangu. Nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikasema naomba bushi za waipa za kobe. Muuzaji aliziweka mezani kabla sijamaliza. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za duka, bushi mkononi, nikashindwa kuinuka. Vitu vidogo vile, vinatosha kwenye kijiko cha chai.

Nilipofika Katesh nilimwita Mzee Athumani. Nilitandaza gazeti chini, nikaweka upande mmoja vile vipande vya ngozi, upande wa pili bushi mpya, nikamweleza kila kimoja kabla sijafunga. Hii nimetoa. Hii naweka. Hii ni mpya. Mpira huu ni wa Land Rover, nimeukata, mwisho wake hauko sawa, utaacha mstari mwembamba upande wako wa kulia. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa umekuwa fundi," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sijafunga gari la mtu bila gazeti. Wenzangu walinicheka. Walisema Boay anasomea wateja habari. Lakini mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, ofisi zikaongezeka, wakaja wakubwa na madereva wao kutoka mikoa mingine, watu wasiomjua mtu hapa, na dereva mgeni anataka kitu kimoja tu: kujua gari lake lina nini. Walikuja kwenye gazeti langu. Wakaambiana. Mimi wa darasa la nne nikawatengenezea magari watu wenye shahada, nami nikawa nawaambia pia ninachokosa. Hiki sikijui, subiri nikaulize. Niliposema hivyo mara ya kwanza nilidhani ardhi itapasuka. Haikupasuka. Mteja aliniomba kiti akakaa kusubiri.

Mzee Athumani alipozeeka akataka kurudi kwao Tabora. Alinikabidhi gari lile mwenyewe, kwa mkono wake, akaniuliza kama bushi ni zile zile. Nikamjibu hapana, hizi ni za tatu, nilizibadilisha mwaka jana na nilikuambia. Akacheka, mara ya pekee nilipomsikia akicheka. Alisema alikuwa anapima tu kama bado nasema.

Basi nasaha yangu ni hii, na siizungushi. Kitu cha mtu kikiwa mkononi mwako, mwambie ulichoweka ndani. Ukiweka kipya, sema kipya. Ukiweka cha kuungaunga, sema hivyo hivyo kwa sauti ya kawaida. Riziki haifi kwa hilo, mtu hufa kwa kutoambiwa. Ukikosa, sema nimekosa, maana anayekusikiliza huenda ana neno moja tu la kukutoa pale ulipo, na hawezi kukupa kama hajui umekwama. Na ukigundua kosa lako njiani, usisubiri Dareda. Gonga kichwa cha lori pale pale Endasak. Aibu ya Endasak ni ya watu kumi kwenye lori. Ile ya mlimani nimeibeba zaidi ya miaka thelathini, na mawingu yakikusanyika siwezi kumaliza hata ukurasa mmoja nimekaa.

Nilivyonavyo leo: gereji yenye mashimo mawili ya kushukia chini ya gari, Katesh. Ukuta mmoja wa gereji hiyo ni mpya, wa zamani ulikwenda na matope yaliyoporomoka kutoka Hanang. Mashine ya kukereza chuma. Nyumba ya matofali. Ekari sita Gehandu, za mahindi na mbaazi. Ng'ombe tisa na kondoo, sijawahi kuishi bila kondoo. Mke mmoja, watoto watano, wote wamenipita darasa. Dada mmoja Mbulu, mwenye wajukuu, ambaye kila akija kunisalimia huja kwa basi na hukaa dirishani. Magazeti mengi ya zamani. Gari moja jeusi lililovaa nguo za babu, waipa zake nzima. Na kopo la maziwa ya unga lenye vipande viwili vya ngozi, vimekauka, havitoi tena hata tone.

Mungu akupe mikono yenye kazi, mwanangu, na ulimi usioogopa kuisimulia kazi hiyo. Akupitishe kila mlima kioo chako kikiwa safi. Na yule atakayekaa nyuma ya kazi yako, bila kujua ulifunga nini, Mungu amfikishe salama kwa sababu ulisema kweli.

Sasa niache nikatazame nje kidogo. Nasikia upepo umegeuka.